Tulicheza na Nani Wiki Iliyopita?

Kwenye basi la shule, tukirudi kutoka mechi ya raga tuliyokuwa tumeshinda, namba nane wetu aliniuliza, "Tumecheza tayari?" Nikamwambia ndiyo, tumeshinda, na wewe ndiye umefunga trai ya mwisho. Akatabasamu. Dakika tano baadaye akanigusa bega. "Sasa, tumecheza tayari?" Basi zima likacheka, na mimi nikacheka nao. Hadi tunafika geti la shule alikuwa ameuliza mara saba ama nane, na kila mara tulimjibu kwa pamoja kama kwaya.

Nitamwita Nane, kwa jezi yake. Kipindi cha pili alikuwa ameenda kumwangusha mtu, akagonga kichwa kwenye goti lake, akalala chini sekunde chache, akaamka. Mwalimu alikimbia na chupa ya maji, akammwagia kichwani, akamwonyesha vidole. "Hivi ni vingapi?" "Viwili." Kisha akanigeukia mimi, nahodha. "Yuko sawa?" Nikasema, "Yuko fiti, Mwalimu."

Hiyo ndiyo iliyokuwa tathmini yote. Maji, vidole viwili, na neno langu.

Nane alimaliza muhula vibaya. Kichwa kilimuuma, mwanga wa darasani ulimsumbua, akawa analala wakati wa masomo ya jioni. Walimu wakasema amekuwa mvivu, na aliadhibiwa mara mbili. Hakuna aliyeunganisha usingizi huo na lile goti. Wiki mbili baada ya mechi alicheza tena, na ni mimi niliyempa mpira wa kwanza.

Siku hizi sichezi. Jumamosi mimi ndiye hubeba mkoba wa huduma ya kwanza wa timu moja ya mtaa, na mwaka jana nilienda kozi ya wikendi mbili kujifunza kumkagua mchezaji aliyeumia kichwa, shingo, bega na kifua. Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja fizio ambaye hakupenda mzaha. Siku ya kwanza alituandikia ubaoni maswali matano ya kumuuliza mchezaji aliyegongwa kichwa. Nilipoyasoma nilihisi tumbo likinikaza. Lilikuwa ni lile basi letu, limegeuzwa mtihani. Nikarudi nyumbani nikaanza kutafuta: nani alijua haya, na alijua lini?

*

Maandishi ya zamani zaidi niliyoyapata yanatoka Misri. Mwaka 1862 Mmarekani mmoja aitwaye Edwin Smith alinunua gombo la mafunjo mjini Luxor. Lilikuja kutafsiriwa na James Henry Breasted wa Chicago, likachapishwa mwaka 1930. Wataalamu wanakadiria kwamba liliandikwa yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo, likinakiliwa kutoka maandishi ya kale zaidi. Ndani yake mna visa 48 vya majeraha, vilivyopangwa kutoka juu kwenda chini: fuvu, uso, taya, shingo, mtulinga, mkono wa juu, kifua, bega, uti wa mgongo. Kwenye kisa cha 48 mwandishi anakatiza katikati ya sentensi. Miguu hatuifikii kamwe. Kwa hivyo kitabu cha upasuaji cha zamani kuliko karibu vyote tunavyovijua, kwa bahati tu, ni kitabu cha kichwa na sehemu ya juu ya mwili.

Waliotibiwa humo hawakuwa wanamichezo. Wengi hudhani walikuwa askari na wajenzi. Lakini kilichonishangaza ni utaratibu wake. Kila kisa kina mpangilio uleule: jina la jeraha, jinsi ya kulikagua, uamuzi, halafu tiba. Tabibu anaambiwa aguse kidonda kwa vidole vyake. Anaambiwa amwombe mgonjwa atazame mabega yake mawili na kifua chake, aone kama shingo inakubali. Kuna kisa cha mtu ambaye pingili ya shingo imehama na hana habari na mikono wala miguu yake. Na kabla hajagusa dawa yoyote, tabibu anatakiwa atamke moja kati ya mambo matatu: huu nautibu, huu nitapambana nao, ama huu sina la kuufanyia.

Hebu fikiria. Zaidi ya miaka elfu tatu kabla ya chupa ya Mwalimu wetu, kuna mtu alishaelewa kwamba kukagua na kutibu ni kazi mbili tofauti, na kwamba ya kwanza ndiyo hutangulia.

Michezo yenyewe inaingia na Wagiriki. Katika maandishi yanayohusishwa na Hippocrates kuna kitabu kizima kuhusu viungo, na bega limepewa nafasi kubwa. Linaelezwa bega linaloteguka mara kwa mara, na jinsi wanaume walivyolazimika kuacha mazoezi ya uwanjani kwa sababu yake. Wengine walikuwa wamezoea hata kulirudisha wenyewe. Njia moja ni ya tabibu kuweka kisigino chake kwapani mwa mgonjwa huku akivuta mkono. Mama fizio alipotuonyesha picha ya njia hiyo, jamaa mmoja wa Eastlands alipiga kelele, "Hiyo ndiyo msee wetu hufanya!" Kila timu ya mtaa ina msee wake wa kuvuta mabega.

Halafu kuna Galen, Mgiriki wa Pergamon, ambaye mwaka 157, akiwa na umri wa miaka 28, aliajiriwa kuwatibu wapiganaji wa uwanja wa mji huo, wale waliopigana kwa panga mbele ya umati. Alijisifu kwamba mikononi mwake walikufa wachache kuliko kwa waliomtangulia. Wengine humwita daktari wa kwanza wa timu. Lakini ona aliyemlipa: wenye mchezo. Mpiganaji alikuwa mali, na mali hutunzwa ili irudi kazini. Swali la daktari wa uwanjani anamfanyia nani kazi, mchezaji ama mchezo, lilianzia huko, na halijapata jibu hadi leo.

*

Jeraha lenye damu lina mashahidi. Mfupa uliovunjika unaonekana umepinda. Mtikisiko wa ubongo hauonekani, na ndiyo maana historia yake imejaa watu waliocheka.

Mwaka 1928, Harrison Martland, daktari mchunguzi wa vifo huko New Jersey, Marekani, aliandika makala katika jarida la chama cha madaktari wa nchi hiyo kuhusu mabondia. Alieleza wanaume waliotembea kama walevi bila kunywa, waliokokota mguu, waliotetemeka mikono, waliopungukiwa akili polepole. Lililonigusa zaidi ni jinsi anavyokiri, mwanzoni kabisa, kwamba mashabiki na mapromota walikuwa wameijua hali hiyo kitambo. Walikuwa hata na majina ya mtaani ya kuwaita, majina ya kejeli. Daktari ndiye aliyechelewa.

Sisi pia tuna majina. Uliza mtu yeyote aliyekulia karibu na ukumbi wa ndondi Nairobi atakuambia kuhusu mzee fulani aliyechapwa hadi akachizi, anayepiga ngumi hewani stejini huku makanga wakimshangilia. Tunayajua maradhi. Tunachofanya ni kuyaweka kwenye kichekesho, na kichekesho hakimpeleki mtu hospitali.

Mwaka 1937 ugonjwa huo ulipewa jina la Kilatini, kichaa cha mabondia kwa maneno mengine, na kupewa jina hilo kuliufanya uonekane wa mabondia peke yao. Mwaka 1973 mtaalamu Mwingereza, Corsellis, na wenzake walichapisha uchunguzi wa bongo za mabondia 15 waliokufa, wakaonyesha uharibifu ulivyokuwa ndani. Bado watu wa soka na raga walilala usingizi. Hiyo ni ndondi, walisema. Sisi tunacheza mpira.

Kenya tulipata somo letu mwaka 1994. Robert Wangila alikuwa ameshinda dhahabu ya ndondi katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, akimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili ya fainali. Hadi leo hiyo ndiyo dhahabu pekee ya Olimpiki ambayo Kenya imeipata nje ya riadha. Alienda kupigana ndondi za kulipwa Marekani. Julai 1994, mjini Las Vegas, alipambana na David Gonzales, na raundi ya tisa refa akasimamisha pigano. Wangila alilalamika. Aliona angeweza kuendelea. Alitoka ulingoni kwa miguu yake mwenyewe, akaenda chumba cha kubadilishia nguo, na huko akapoteza fahamu. Hakuamka tena. Alifariki siku mbili baada ya pigano.

Nilikuwa nimesikia jina lake maisha yangu yote kama hadithi ya ushujaa, ikifuatwa na kimya. Kwenye kozi nilielewa kwa mara ya kwanza kilichomo kwenye ile safari fupi kutoka ulingoni. Damu inaweza kuvuja polepole kati ya fuvu na ubongo. Mtu anaongea, anatembea, anabishana na refa, na wakati huohuo nafasi ndani ya fuvu inazidi kubana. Kusimama si dalili ya uzima. Mtu kusema "niko sawa" si jibu, kwa sababu kiungo kinachotoa jibu hilo ndicho kilichoumia. Refa yule aliona jambo ambalo Wangila mwenyewe hakuweza kuliona, ila wakati ulikuwa umeshapita.

*

Basi, utajuaje? Hapa ndipo historia inakuwa ya maswali.

Mwaka 1974 madaktari wawili wa Glasgow, Graham Teasdale na Bryan Jennett, walichapisha kipimo ambacho leo kinatumika karibu kila chumba cha dharura duniani, na hapa kwetu pia. Unaangalia mambo matatu tu: macho yanafunguka kwa nini, mtu anajibu vipi, na viungo vinasogea vipi. Unajumlisha alama, kuanzia 3 hadi 15. Uzuri wake ni kwamba muuguzi wa usiku na daktari wa asubuhi wanaweza kulinganisha nambari badala ya kulinganisha hisia. Ila kwa mchezaji wa raga kipimo hicho hakitoshi. Nane angepata 15 kwa 15 na bado asingejua kama mechi imechezwa.

Pengo hilo lilizibwa na Mwaustralia, David Maddocks, mwaka 1995. Yeye na wenzake waliwachunguza wachezaji wa kandanda ya Australia waliogongwa vichwa. Waligundua kwamba ukimuuliza mtu jina lake, umri wake ama tarehe yake ya kuzaliwa, mara nyingi atajibu vizuri hata kama ubongo umetikisika. Hayo yamekaa ndani sana. Kinachopotea ni ya karibu. Kwa hivyo unamuuliza: tuko uwanja gani? Hiki ni kipindi gani? Nani amefunga mwisho? Tulicheza na nani wiki iliyopita? Tulishinda?

Hayo ndiyo maswali yaliyokuwa ubaoni. Vidole viwili vya Mwalimu vilipima macho ya Nane, navyo macho yake yalikuwa sawa. Yeye mwenyewe, kwenye basi, ndiye aliyekuwa akijipima kwa swali sahihi, akishindwa kila mara mbele ya mashahidi ishirini waliokuwa wakicheka.

Baada ya hapo mambo yalienda mbio kidogo. Novemba 2001 wataalamu walikutana Vienna kwa kongamano la kwanza la kimataifa kuhusu mtikisiko wa ubongo michezoni. Kikao cha Prague cha mwaka 2004 kilizaa fomu ya ukaguzi ambayo imekuwa ikiboreshwa tangu hapo, na toleo lake la sita lilitokana na kikao cha Amsterdam cha mwaka 2022. Taratibu watu waliachana na mtindo wa kupima uzito wa jeraha kwa sekunde za kuzimia, maana wengi wanaopata mtikisiko hawazimii kabisa. Mwaka 2002, huko Pittsburgh, daktari Mnigeria, Bennet Omalu, aliuchunguza ubongo wa Mike Webster, nyota wa kandanda ya Marekani aliyekufa na miaka 50, akaona humo uharibifu uliodhaniwa kuwa wa mabondia. Alipochapisha makala mwaka 2005, madaktari wa kamati ya ligi walitaka ifutwe. Omalu hakurudi nyuma. Swali la Galen tena: unamfanyia nani kazi?

Na kuna mvulana wa miaka 14 wa Ireland Kaskazini. Januari 2011 alikuwa akicheza raga ya shule, akagongwa kichwa zaidi ya mara moja katika mechi moja, kila mara akaangaliwa na kurudishwa uwanjani. Alianguka karibu na mwisho wa mechi na hakupona. Ubongo ambao haujapona kutoka pigo la kwanza unaweza kuvimba kwa pigo la pili, hata likiwa dogo, na kwa vijana hatari hiyo ni kubwa zaidi. Mwaka 2015 Scotland ilitoa mwongozo mmoja kwa michezo yote, wenye ujumbe ambao hata mtoto anaweza kuukariri: ukiwa na shaka, mkalishe nje.

Nilisoma habari za mvulana huyo usiku, kisha nikahesabu. Wiki mbili. Mpira wa kwanza nilimpa mimi.

*

Kwenye kozi tulijifunza kwa kukaguana sisi kwa sisi, kwenye nyasi. Nitakuambia jinsi inavyofanywa, kwa sababu huenda Jumamosi ijayo ni wewe utakayekuwa karibu.

Anza na shingo. Mchezaji akiwa chini, usimvute, usimkalishe, usimmwagie maji. Mshike kichwa kisitingishike, na uongee naye. Kama hapumui sawasawa, kama shingo inauma, kama mikono ama miguu inawasha au haina nguvu, kama anaona vitu viwiliviwili, anatapika, anatetemeka kwa degedege, kichwa kinazidi kuuma ama anazidi kuchanganyikiwa, hakuna maswali zaidi. Ita ambulensi. Kama shingo haiumi hata ukiigusa, ndipo unamwambia aisogeze mwenyewe, polepole. Yule tabibu wa Misri angelielewa zoezi hilo.

Kisha macho na uso wake. Ameduwaa? Alichelewa kuinuka? Anayumba? Halafu maswali ya Maddocks. Kosa moja linatosha kumtoa. Na hata akijibu yote, kama una shaka, mtoe. Raga ya kimataifa ilianza mwaka 2012 kuruhusu mchezaji atolewe kwa dakika chache akaguliwe na daktari, kisha arudi akifaulu. Kwa mtaa na shule hakuna hiyo. Akitoka kwa sababu ya kichwa, siku yake imeisha, na kurudi ni kwa hatua, baada ya daktari kumruhusu. Asiachwe peke yake, na asiendeshe hata bodaboda.

Bega ni rahisi kidogo, kwa sababu mwili una nakala. Vua jezi, linganisha bega la kushoto na la kulia. Lililoteguka hupoteza umbo la mviringo na kuwa kama kona. Papasa mtulinga kutoka kifuani hadi begani, uone kama kuna mahali panapouma ama pamepanda. Gusa ngozi ya upande wa nje wa bega na umuulize kama anahisi sawa pande zote mbili, maana kuna mshipa wa fahamu unaopita hapo. Tafuta mapigo kwenye kifundo cha mkono. Kisha funga mkono kwa kitambaa umpeleke hospitali. Usilivute. Theodor Kocher, Mswisi aliyekuja kupata tuzo ya Nobel, alieleza njia yake ya kurudisha bega mwaka 1870 na bado inafundishwa, lakini kwa madaktari. Wewe hujui kama chini ya ngozi kuna mfupa uliovunjika. Nilimwambia hivyo msee wetu wa kuvuta. Hatukusalimiana wiki mbili.

*

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Shida ni kwamba uwanjani tunamfunza mchezaji kuficha, halafu tunamsifu kwa kuficha. Mimi mwenyewe nilipewa unahodha kwa sababu niliwahi kumaliza mechi na kidole kilichovunjika.

Miezi mitatu iliyopita nilimtoa kijana wetu mmoja, flanka wa miaka 19. Aligongana kichwa na mtu, akainuka, akarudi kwenye mstari wa timu pinzani. Aliposhtuka kuona jezi si yetu, alicheka. Wenzake wakacheka. Nilimwita pembeni nikamuuliza tulicheza na nani wiki iliyopita. Akataja timu tuliyocheza nayo mwezi uliopita, kwa uhakika kabisa. Nilipomwambia ameisha kwa leo alinitusi, na wenzake wawili wakaja kuniambia, "Maze, yuko fiti. Angalia, anaongea." Nilisikia sauti yangu mwenyewe ndani ya zao. Tulishindwa mechi hiyo kwa alama nne. Kuna watu bado wananinunia.

Jioni ile nilimpigia Nane simu. Huongea naye mara mbili tatu kwa mwaka. Ana duka la simu, ana mtoto, yuko vizuri, ingawa anasema mwanga mkali bado humletea maumivu ya kichwa. Hatukuwahi kuzungumza kuhusu siku ile isipokuwa kwa utani. Safari hii nilimwambia nilichomwambia Mwalimu, na jinsi nilivyompa mpira baada ya wiki mbili. Alinyamaza kidogo.

"Hukujua, bro," akasema. "Hata mimi singekubali kutoka."

Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza kitu kidogo tu, kama ile trai ilikuwa nzuri. Haikumbuki. Hakuwahi kuikumbuka. Basi nikamweleza yote, kutoka skramu hadi kwenye chokaa, nani alimpasia, nani alimkosa, jinsi alivyoinuka na udongo puani. Akasikiliza hadi mwisho.

"Na tulikuwa tunacheza na nani?" akauliza.

Nikamwambia. Hakuna aliyecheka.